Paul Ehrlich na ukuta unaoulinda ubongo wa mwanao

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, baba mmoja kutoka vijiji vya Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, alimleta mtoto wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa na homa ya siku tatu, alikuwa amepata degedege mara mbili na alikuwa akiongea maneno yasiyoeleweka. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilimweleza baba kwamba nahofia maambukizi ya ubongo, kwamba nahitaji kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo ili niyapime, na kwamba mtoto atalazwa kwa muda wa wiki mbili au tatu akipewa dawa kwa njia ya mshipa.

Baba alikataa. Kijijini kwao alikuwa amesikia kwamba sindano ya mgongo inapoozesha. Tena hakuelewa kwa nini mtoto asipewe vidonge au dawa ya maji wakarudi nyumbani, maana mpunga ulikuwa unasubiri kuvunwa. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa haraka na kwa lugha ya kidaktari ambayo hata nesi aliyekuwa pembeni hakuifuata. Wakaondoka. Walirudi siku ya tatu, mtoto akiwa hajitambui. Tulimtibu, akapona, lakini mkono wake wa kulia ulibaki dhaifu na maneno yake yakawa machache.

Tangu siku ile nimetafuta namna ya kumweleza mzazi kwa nini dawa inayozunguka kwenye damu si lazima iwe imefika ubongoni. Njia nzuri niliyoipata ni kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kijana wa rangi

Paul Ehrlich alizaliwa Machi 14, 1854, katika mji mdogo wa Strehlen, uliokuwa katika ufalme wa Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Mama yake alikuwa na mpwa aliyeitwa Karl Weigert, daktari aliyechunguza vipande vya mwili wa binadamu kwa darubini, na ndiye aliyemwonyesha Ehrlich kitu kilichomshika maisha yake yote: rangi.

Wakati huo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi za vitambaa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Weigert alizitumia kupaka vipande vya nyama ili viungo vyake vionekane vizuri chini ya darubini. Ehrlich akiwa mwanafunzi wa udaktari aliona jambo ambalo wengine walilipita. Rangi moja inashika chembe hizi na kuziacha zile, nyingine inafanya kinyume chake. Akajiuliza, kama rangi inachagua mahali pa kushika, je, haiwezekani kutengeneza dawa inayoshika kijidudu peke yake na kumwacha mgonjwa salama? Mitihani haikuwa rafiki yake, na meza yake ilijaa madoa ya kila rangi, lakini mwaka 1878 alihitimu kwa andiko lililohusu rangi hizo hizo.

Alianza kazi katika hospitali ya Charité, Berlin. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza kwamba amempata kijidudu wa kifua kikuu, Ehrlich aliboresha namna ya kumpaka rangi ili aonekane kwa urahisi. Ukipeleka makohozi kwenye maabara ya kituo cha afya na mtaalamu akayapaka rangi nyekundu, akayapasha moto na kuyaosha kwa tindikali, anafuata njia iliyozaliwa katika kazi ile. Ehrlich mwenyewe alikuja kugundua kijidudu hicho katika makohozi yake. Ikabidi yeye na mkewe Hedwig waende Misri kukaa kwenye hewa kavu mpaka alipopata nafuu.

Ubongo uliobaki mweupe

Jambo linalotuhusu zaidi lilitokea kabla ya safari hiyo. Mwaka 1885 Ehrlich alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanyama wa maabara. Aliwachoma sindano ya rangi, akasubiri rangi izunguke na damu, kisha akawapasua. Ini, figo, moyo, misuli na ngozi vyote vilikuwa vimeshika rangi. Lakini kwa rangi nyingi alizozitumia, ubongo ulikuwa haujaguswa, umebaki mweupe kama ulivyokuwa.

Ehrlich aliona sawasawa lakini alieleza vibaya. Alidhani tu kwamba nyama ya ubongo haina kitu cha kuishika rangi, kama kitambaa cha nailoni kinavyokataa rangi ya pamba. Hakuwaza kwamba kuna kitu kinachoizuia rangi isiingie.

Aliyeonyesha kosa hilo ni Edwin Goldmann, daktari wa upasuaji aliyewahi kufanya kazi chini yake. Kwanza Goldmann alichoma rangi ya buluu kwenye damu ya wanyama, na ubongo ukabaki mweupe kama alivyoona mkubwa wake. Kisha, mwaka 1913, akaichoma rangi ile ile kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo wote ulikuwa wa buluu, na mwili uliobaki haukushika rangi. Kumbe ubongo unaipokea rangi bila shida. Kilichokuwapo ni ukuta kati ya damu na ubongo.

Ukuta huu haukuonekana kwa macho mpaka mwaka 1967, pale watafiti wa Marekani walipoangalia ubongo wa panya kwa darubini zenye nguvu kubwa. Mfikirie mvuvi wa Matema. Mishipa midogo ya damu sehemu nyingine za mwili ni kama wavu wenye matundu, vitu vidogo vinapita kama usipa. Ndani ya ubongo, chembe zinazounda mishipa hiyo zimeshonana kabisa, hakuna tundu. Sukari na chakula kingine cha ubongo vina milango yake maalumu. Tena kuna walinzi, yaani pampu ndogo ndogo zinazokamata kitu kigeni kilichopenya na kukirudisha kwenye damu.

Mungu ametupa ukuta huu kwa faida yetu. Bila huo, kila sumu inayopita kwenye damu ingeufikia ubongo. Shida inaanza pale adui anapokuwa ameshaingia ndani na dawa imebaki nje.

Dawa namba 606

Ehrlich alihamia Frankfurt mwaka 1899, akaongoza taasisi yake mwenyewe. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu aliyesahau kula, aliyevuta sigara kubwa moja baada ya nyingine na kutembea na boksi la sigara kwapani. Hapa asifuatwe na mtu. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili.

Miaka hiyo huku kwetu Kyela ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, na boma lao lilikuwa pale panapoitwa Tukuyu leo. Kaskazini, kando ya Ziwa Victoria, malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu. Mwaka 1906 Koch, aliyewahi kuwa mkuu wa Ehrlich, alikuja Afrika Mashariki na kuweka kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda. Aliwatibu wagonjwa wa malale kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake. Kwenye damu vijidudu vilipungua, lakini wagonjwa wengi waliugua tena, kwa sababu malale yakikomaa huingia ubongoni. Dozi ilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka kabisa.

Ehrlich na wenzake waliichambua Atoxyl, wakatambua imeundwaje, kisha wakaanza kuibadilisha kidogo kidogo, wakijaribu kila namna mpya kwa panya na sungura. Mwaka 1909 daktari kutoka Japani, Sahachiro Hata, aliipima tena dawa iliyopewa namba 606. Sungura wenye kaswende walipona. Mwaka uliofuata dawa ilitangazwa na kuitwa Salvarsan, na Ehrlich akagawa dozi zipatazo 65,000 kwa madaktari bila malipo, kwa sharti la kumletea taarifa za wagonjwa wao. Ilikuwa dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kaswende iliyotengenezwa kwa kutafutwa hivyo maabarani.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, dawa za ukoo huo zilifika Afrika Mashariki na kutumika kutibu buba. Vidonda vilivyokaa miezi vilikauka baada ya sindano chache. Imani kubwa ya wazee wetu kwa sindano ilikuzwa na siku zile. Lakini buba hukaa kwenye ngozi na mifupa, na huko damu inafika bila kizuizi.

Kaswende ni tofauti. Isipotibiwa huweza kuingia ubongoni, na mgonjwa akachanganyikiwa au kupooza. Kwa wagonjwa hao Salvarsan haikuleta matokeo yaliyotarajiwa. Kuanzia miaka ya 1910 madaktari wa New York walifikia hatua ya kumpa mgonjwa dawa, kisha kuchukua majimaji ya damu yake na kuyaingiza kwenye uti wa mgongo, wakitafuta njia ya kuuzunguka ukuta. Yaani kizuizi kile ambacho Ehrlich alikiona kwa wanyama wake mwaka 1885 bila kukitambua ndicho kilichokuja kuizuia dawa yake mwenyewe.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Aseniki ni sumu, na wagonjwa wengine walidhurika, hasa pale dawa ilipochanganywa vibaya. Magazeti yalimshambulia, na jambo likafika mahakamani mwaka 1914. Agosti mwaka huo vita vilianza, na risasi za kwanza za Ziwa Nyasa zikapigwa pale meli ya Waingereza iliposhambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Afya ya Ehrlich ilikuwa imeshadhoofika. Alifariki Agosti 20, 1915, akiwa na miaka 61. Wanazi walipotawala, waliliondoa jina lake kwenye barabara ya Frankfurt kwa sababu alikuwa Myahudi, na mjane wake alilazimika kukimbia nchi.

Panya wa Amsterdam na vidonge vya usubi

Ehrlich hakuwahi kutibu virusi, wakati wake havikuwa na dawa. Lakini swali lake la rangi ndilo ambalo watafiti wanaliuliza leo juu ya kila dawa ya virusi: ikiwa kwenye damu, je, inavuka?

Jibu moja lilipatikana kwa bahati mbaya. Miaka ya 1990 watafiti wa Amsterdam walizalisha panya ambao mmoja wa wale walinzi wa ukutani, pampu moja, ameondolewa. Panya hao walipatwa na utitiri, wakapewa ivamektini kama kawaida. Panya wengine hawakudhurika. Wale wasio na pampu walikufa, na ubongo wao ulikutwa na dawa hiyo karibu mara 90 ya kiasi cha kawaida.

Wakazi wa Kyela, Rungwe na Busokelo wanaifahamu ivamektini kwa jina la Mectizan, vidonge vinavyogawiwa vijijini kuzuia usubi, ugonjwa wa nzi wadogo weusi wa kwenye mito ya maji ya kasi. Ni dawa salama kwa watu wengi kwa sababu ukuta unaizuia isiingie ubongoni. Ndiyo maana mgawa dawa huja na fimbo ya kupimia urefu, na mtoto ambaye hajafika sentimeta 90 hapewi. Usimnyanyue mwanao kisigino ili apate kidonge.

Mwaka 1998 wanasayansi waliwapa panya wa aina hiyo dawa tatu za virusi vya UKIMWI zilizotumika wakati ule. Ubongo wa panya wasio na pampu ulipata dawa mara 7 hadi 36 zaidi ya ule wa panya wa kawaida. Maana yake ni kwamba kwa kawaida walinzi wa ukuta walikuwa wakizitupa nje dawa hizo, ilhali virusi vya UKIMWI huweza kuingia ubongoni mapema, hata ndani ya wiki za kwanza za maambukizi.

Habari njema ni kwamba dawa za leo ni bora zaidi. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge kinachotumiwa na watu wazima wengi nchini, imepimwa kwenye maji ya uti wa mgongo na kukutwa kwa kiasi kinachotosha kuvizuia virusi. Lakini inafika huko ikiwa tu kwenye damu ipo ya kutosha kila siku. Ukiruka siku, upande wa pili wa ukuta ndio unaokuwa na akiba ndogo.

Mzazi na mgonjwa, haya ndiyo ya kuzingatia

Mtoto mwenye homa akipata degedege, akilala kupita kiasi, akichanganyikiwa, akikakamaa shingo, akitapika kila kitu, au mchanga akiwa na utosi uliovimba au akashindwa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kyela ni eneo la malaria, kwa hiyo kipimo cha malaria hufanywa mara moja. Malaria kali ya kichwani hukaa ndani ya mishipa ya damu ya ubongo, na dawa ya mshipa huifikia humo. Kama si malaria, lazima tutafute kingine.

Kati ya hivyo vingine kuna virusi vya hapes, ambavyo huweza kuushambulia ubongo. Dawa yake ni asikloviri. Kwenye maji ya uti wa mgongo hufika karibu nusu tu ya kiasi kilichopo kwenye damu, na ikimezwa kama kidonge sehemu kubwa haifyonzwi na tumbo. Ndiyo sababu kwa ugonjwa wa ubongo inatolewa kwa mshipa kila baada ya saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Kabla ya dawa hii, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 walikufa. Wanaoianza mapema ndio wanaopona vizuri zaidi.

Daktari akiomba kutoa maji ya uti wa mgongo, mwombe akueleze, na una haki ya kuelezwa mpaka uelewe. Sindano inaingizwa chini, kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia, na daktari huangalia kwanza kama ni salama kwa mgonjwa huyo. Maumivu ya kichwa na mgongo kwa siku chache yanaweza kutokea. Mara nyingi kinachowapoozesha watoto ni ugonjwa uliochelewa kutibiwa, lakini kwa kuwa sindano ilikuja kabla ya kupooza, sindano ndiyo inayolaumiwa. Maji yale ndiyo yanayotuambia kinachotokea upande wa pili wa ukuta. Damu peke yake haiwezi kutuambia.

Kama mtoto wako anatumia ARV, mpe dozi ya uzito wake wa sasa. Watoto wana vidonge vyao vya kuyeyusha kwenye maji. Usikate kidonge cha mama ukampa mtoto, maana vipimo vyake havilingani. Mtoto akichelewa kukaa, kutembea au kuongea, au akianza kusahau aliyokwisha kujifunza, mweleze mhudumu wa kliniki mapema.

Mwisho, mbwa. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakipiti kwenye damu, kinapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na kikishafika huko hatuna dawa ya kukitoa. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali akapate chanjo siku hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Baba yule wa Kyela niliwahi kukutana naye tena, miaka mingi baadaye. Nilimweleza habari ya rangi, wanyama na ukuta, taratibu, nikichora kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini sikumweleza hivyo usiku ule. Sikuwa na jibu zuri, nikamwomba radhi. Siku hizi karatasi na kalamu vinakaa mezani kwangu, na mzazi akisitasita kuhusu sindano ya mgongo, ndipo ninapoanzia.